Vipande vya Bure, Kazi ya Bei

Mteja anaingia kwenye karakana ndogo ya ushonaji, anaushika mfarishi wa vipande vya kitenge, anaugeuza nyuma na mbele, anausifia rangi. Akitajiwa bei anashtuka: "Dada, si vipande tu hivi?" Swali hilo limefunga karakana nyingi za ushonaji wa ubunifu kuliko ukosefu wa wateja. Limezifunga kwa sababu mwenye karakana naye analikubali. Vipande kaviokota chini ya meza ya kukatia au kapewa na fundi jirani, kwa hiyo anaona aibu kudai pesa ya maana. Anapunguza bei. Mteja anatoka ameridhika, naye anabaki na kodi ya pango isiyolipika.

Kazi yenyewe ihesabiwe basi. Mfarishi wa inchi 60 kwa 72, wa kitanda cha mtu mmoja, ukigawanywa katika miraba ya inchi 12 unatoa miraba 30. Kila mraba ukiwa na vipande tisa, hivyo ni vipande 270, na kila kimoja kinakatwa inchi nne na nusu kila upande ili robo inchi iingie kwenye mshono. Fundi akizidisha robo hiyo kwa sehemu moja tu ya 16 ya inchi, mstari wa vipande 15 wenye mishono 14 utapungua inchi moja na robo tatu. Hapo kona hazikutani tena, na aliye makini anafumua.

Kabla ya mkasi kuna kazi ambayo mteja haioni kabisa. Vitambaa vinafuliwa kwanza, maana vya pamba hupungua vikiingia majini, na nyekundu isiyokamata vizuri huchuja rangi na kuchafua kila cheupe kilicho jirani. Ambaye hana uhakika na kitambaa anachomoa nyuzi mbili tatu na kuziwasha. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Vikichanganywa bila kupimwa, mfarishi unajikunja ukifuliwa mara ya kwanza, na mteja anaurudisha. Baada ya kuunganisha uso ndipo linakuja tabaka la pamba ya kujazia, kisha bitana, kisha kuyashona matabaka yote matatu pamoja, kwa mkono au kwa cherehani, kutoka katikati kwenda pembeni ili kitambaa kisikusanyike. Pindo huja mwisho.

Tuseme yote hayo yamechukua saa 40. Mshonaji akijilipa shilingi 2,000 kwa saa, kazi peke yake ni 80,000. Tuseme pamba ya kujazia, bitana, uzi na umeme vimegharimu 35,000. Gharama imefika 115,000 kabla ya pango na kabla ya faida. Akikubali kuuza kwa 60,000 kwa sababu "ni vipande tu", amefanya kazi kwa shilingi 625 kwa saa, na bado hajagusa pango.

Huko Marekani kuna kisa kinachostahili kujulikana na kila mwenye cherehani. Katika Wilaya ya Wilcox, jimboni Alabama, wanawake weusi waliokuwa wakilima pamba walishona mifarishi kutoka kwa nguo kuukuu za kazi, suruali zilizopauka magotini na magunia ya unga, ili watoto wasilale na baridi. Mwaka 1966 walianzisha ushirika wao, Freedom Quilting Bee, kwa msaada wa kasisi Francis X. Walter, ambaye mwanzoni alinunua mifarishi yao kwa dola 10 mmoja na kuipeleka mnadani New York. Ushirika huo ulinunua ardhi na kuuza viwanja kwa familia zilizofukuzwa mashambani kwa kosa la kujiandikisha kupiga kura. Mwaka 1972 ulipata mkataba na kampuni ya maduka ya Sears wa kushona foronya za kodroi. Mkataba uliingiza pesa ya uhakika, lakini foronya zilitakiwa zote zifanane, na lile jicho la rangi lililowafanya wanawake hao wajulikane halikuwa na nafasi humo. Mabaki ya kodroi waliyapeleka nyumbani wakashonea mifarishi yao wenyewe. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend, kijiji kilicho katika wilaya hiyohiyo, ilitundikwa ukutani katika makumbusho ya sanaa ya Houston na kisha Whitney, New York. Mwaka 2006 posta ya Marekani iliitolea stempu. Mikono ni ileile na matambara ni yaleyale. Kilichobadilika ni namna watu walivyoitazama kazi hiyo.

Karibu nasi zaidi kwa damu ni Wasiddi wa Karnataka, India, wazao wa Waafrika ambao wengi wao walipelekwa Goa na Wareno wakiwa watumwa. Wanawake wao hushona kwa mkono mifarishi iitwayo kawandi, wakianzia pembeni na kuzunguka hadi katikati. Kwenye kila kona huweka pembetatu ndogo za vitambaa ziitwazo phula, yaani maua, na bila hizo kawandi haihesabiki kuwa imekamilika. Pembetatu hizo zinachukua muda. Mfanyabiashara mwenye haraka angeziondoa ili apunguze bei, na hapo angeondoa kitu pekee ambacho duka la mablanketi ya kiwandani haliwezi kuuza.

Tanzania ina nafasi ya kulirekebisha tatizo hili la bei mapema. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha washonaji kinachokopeshwa bila kujua kupanga bei kinapewa deni tu. Mafunzo ya siku mbili ya kuhesabu saa, kodi ya pango na uchakavu wa mashine yafanyike kabla ya fedha kutoka, na kila kikundi kionyeshe karatasi ya gharama ya bidhaa moja ambayo kimekwisha kuitengeneza.

Karakana nazo zina la kufanya. Mifarishi mikubwa ishonwe kwa oda, na oda ipokewe kwa kianzio cha nusu ya bei, hasa zinapokaribia Idi na Krismasi, msimu ambao ahadi za mafundi huzidi saa zilizomo katika wiki. Kodi ya mwezi ibebwe na foronya za mito, mikoba na aproni, vitu vinavyoisha kwa siku moja, pamoja na darasa la Jumamosi kwa wanaotaka kujifunza. Karatasi ya oda iandikwe saa za kazi waziwazi, mstari wake peke yake, juu ya mstari wa vitambaa, ili mteja anayeuliza kuhusu vipande azisome mwenyewe kabla ya kuanza kupunguziwa.