Begonia ndani ya chupa: pambo la nyumba lisilofuga mbu

Masika yakikolea Kyela, maji hayatafutwi. Yamejaa kwenye majaruba ya mpunga, yametuama uani, na yamo pia kwenye visahani vilivyowekwa chini ya makopo ya maua barazani. Hayo ya kwenye visahani ndiyo wazazi wengi huyasahau.

Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hutaga mayai kwenye vyombo vyenye maji kidogo: kopo, tairi bovu au kisahani cha ua. Kukiwa na joto, yai linaweza kuwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 10. Mbu huyu huuma mchana, wakati mtoto hayuko ndani ya chandarua.

Familia inayopenda maua haina haja ya kuyaacha. Inaweza kutengeneza bustani ya chupa. Daktari wa London, Nathaniel Ward, aliona mwaka 1829 kwamba mimea iliota yenyewe kwenye udongo ndani ya chupa aliyoifunika. Maji hupanda kama mvuke, hugonga kioo, kisha hurudi kwenye udongo. Hakuna haja ya kisahani.

Begonia ndogo zinafaa kwa kazi hii, kwani asili yake ni misitu yenye unyevu. Tanzania inazo za porini, mfano Begonia meyeri-johannis ya misitu ya milimani. Hiyo hutambaa na kurefuka, hivyo iachwe msituni. Kwa chupa, omba kwa jirani tawi la urefu wa kidole kutoka aina fupi.

Tafuta chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Weka kokoto safi za kina cha vidole viwili, kisha tandaza mkaa uliopondwa. Juu yake weka udongo mweusi uliochanganywa na mchanga na pumba kidogo za mpunga ili usigande. Mchanga wa ufukweni Matema unafaa ukioshwa, kwa sababu maji ya Ziwa Nyasa hayana chumvi. Chomeka tawi, nyunyizia vijiko vitatu vya maji, funika.

Maji yasionekane juu ya kokoto. Yakionekana, yamezidi: acha chupa wazi hadi yapungue.

Joto la Kyela si la Tukuyu. Chupa iliyofungwa ikipigwa na jua hugeuka chungu cha kupikia, na begonia huiva. Iweke penye mwanga lakini pasipofikiwa na jua, na mchana wa joto kali ondoa kifuniko. Wakati huo funga mdomo wa chupa kwa kipande cha chandarua kilichochakaa. Usikate kile anacholalia mtoto.

Sasa suala la mtoto mwenyewe. Begonia ina kemikali ziitwazo oksaleti, nyingi zaidi zikiwa kwenye mizizi na viazi vyake. Mtoto akiitafuna, mdomo huwasha, udenda hutoka na anaweza kutapika. Mtoe mabaki mdomoni, msukutue kwa maji safi, kisha mpe maji au maziwa kidogo kama anameza vizuri. Usimlazimishe kutapika. Ulimi ukivimba, akishindwa kumeza, akipumua kwa shida au akitapika mfululizo, mwahishe zahanati au kituo cha afya, na uchukue jani moja mkaonyeshe.

Katika vijiji ambavyo masika hukata njia, safari hiyo inaweza kuwa ndefu. Kwa hiyo chupa ikae juu, mbali na ukingo wa meza, mahali ambapo mtoto anayetambaa au anayejifunza kutembea hafiki. Kioo kikivunjika nacho huumiza.

Mtoto mkubwa apewe kazi. Kila Jumamosi aangalie kioo. Umande wa asubuhi ni dalili njema. Ukifunika kioo kutwa nzima, afungue kifuniko kwa saa chache. Kioo kikikaa kikavu, aongeze kijiko kimoja cha maji. Jani lililooza litolewe mara moja, lisiambukize mengine.

Akimaliza, azunguke uani na mzazi wake, wamwage maji kwenye kila kopo, tairi na kifuu. Ni kazi ya dakika 10, na mabuu yaliyomo kwenye maji hayo hayatafikia kuwa mbu.