Mtu Kati ya Madirisha Mawili

Juma lililopita nilimkuta mwanafunzi wangu mmoja, katika chumba chake cha kupanga kule Mbagala, akizichezesha bao programu mbili. Moja ameiandika yeye, nyingine mwenzake wa Tandale. Kompyuta moja, madirisha mawili meusi ya maandishi. Programu ya kwanza ilitaja shimo na upande wa kutembezea kete. Yeye aliichapa hatua hiyo katika dirisha la pili, akangoja jibu, akalirudisha. Walipofika kwenye mtaji alichapa kulia badala ya kushoto, na mchezo mzima wa kete 64 ukaharibika.

"Wewe unafanya nini hapo katikati?" nilimwuliza.

"Mwalimu, zimeandikwa kuzungumza na mtu."

Hoja hiyo siikubali. Programu inayosoma maandishi haijui ni nani aliyeyachapa. Tulijaribu kwanza kuziunganisha moja kwa moja; zote zikanyamaza. Kila moja ilikwisha cheza, lakini maneno yake yalikuwa yamekwama ndani yakisubiri kujaa ndipo yatoke, huku ikimngoja mwenziwe. (Watumishi wa umma mtaitambua hali hii.) Ndipo tukachukua Expect, chombo alichokibuni Don Libes mwaka 1990 kwa kazi ya namna hii hasa: huifanya programu iamini kwamba mtu yupo kwenye kibodi. Mistari isiyozidi thelathini ilitosha.

Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu siku mbili kabla yake, katika ofisi moja ya umma, nilikuwa mimi ndiye mwanafunzi yule. Dirisha la kwanza lilinipa namba. Dirisha la tatu likanitaka niisome kwa sauti, karani akaichapa upya. Akakosea tarakimu moja. Nikaambiwa nianze tena, kwani "mifumo haisomani", kauli iliyotolewa kana kwamba ni habari za mvua.

Tunayo Sheria ya Serikali Mtandao tangu 2019. Bado mwananchi wa Temeke analipa nauli ili awe waya kati ya kompyuta mbili za Serikali ileile! Wapo wanaojitetea kwa usalama wa taarifa. Usalama gani? Hati yetu ya Mbagala iliandika kila hatua kwenye kumbukumbu. Namba yangu iliyosomwa kwa sauti mbele ya foleni nzima iliandikwa wapi?

Kufikia alfajiri programu zilikuwa zimemaliza michezo 40, na ya Tandale imeshinda 27. Kijana wangu ameudhika, anaiandika upya yake. Faili langu lingali dirisha la tatu.