Deraya bila tingatinga hukwama mtaroni

UTINGO yeyote wa lori aliyewahi kukesha Mlolongo, katika Kaunti ya Machakos, anajua kwamba gari zito likizama mtaroni, gari jingine la uzito uo huo likisogezwa karibu huenda likazama pia. Hiyo ndiyo sababu husubiriwa gari la kuvuta, hata kama mizigo itachelewa.

Jambo hilo dogo liliwagharimu sana polisi wa Kenya nchini Haiti mnamo Machi 25, 2025. Gari la deraya la polisi wa Haiti lilikwama karibu na Pont-Sondé, katika jimbo la Artibonite, ndani ya mtaro uliodhaniwa kuchimbwa na magenge. Magari mawili ya deraya ya kikosi cha kimataifa kilichoongozwa na Kenya yalitumwa kulinasua. Moja likakwama vilevile, la pili likaharibika mitambo, na waliokuwa wamejificha wakayamiminia risasi. Afisa mmoja Mkenya hakuonekana tena. Septemba mwaka huo kiongozi wa Haiti alimtaja katika kikao cha Umoja wa Mataifa miongoni mwa Wakenya waliofia nchini mwake.

Agosti 31, 2025, msiba ulirudi kwa sura nyingine. Kwenye barabara ya Kenscoff kuelekea Pétion-Ville, deraya moja ilikuwa ikiivuta nyingine iliyoharibika ilipotokea ajali. Afisa mmoja alifariki na wenzake wanane wakajeruhiwa. Ikumbukwe kwamba hapo hapakuwa na risasi wala genge. Palikuwa na gari bovu na mteremko.

Tangu kikosi cha kwanza kilipotua Port-au-Prince Juni 25, 2024, mjadala wetu ulikuwa wa kuhesabu. Wanasiasa walihesabu magari, nasi wa magazeti tukahesabu ndege za mizigo zilizoyaleta kutoka Marekani. Ni wachache waliouliza nani angeyatengeneza, nani angeyavuta, na nani angeifukia mitaro iliyoyasubiri.

Magari yenyewe, aina ya MaxxPro, yalibuniwa kwa ajili ya vita vya Iraq, ambako adui mkubwa alikuwa kilipuzi kilichofukiwa barabarani. Tumbo lake limechongwa mfano wa herufi V ili nguvu ya mlipuko isambae pembeni, ubunifu ambao asili yake ni kusini mwa Afrika katika miaka ya 1970. Kwa kazi hiyo ni gari bora. Lakini ni refu, lina uzito wa tani zisizopungua 14, hupinduka kwa urahisi kwenye kingo laini, na aliye ndani huona kipande tu cha mtaa kupitia kioo kizito. Katika vichochoro vya Port-au-Prince hatari haikuwa bomu la ardhini. Ilikuwa mtaro, kifusi kilichorundikwa njiani, na bunduki iliyo juu ya paa. Mshika bunduki aliyesimama juu ya gari alibaki kifua wazi, hadi kinga za ziada zilipoagizwa.

Jirani zetu walikuwa wamelipia somo hili mapema. Wanajeshi wa Uganda na Burundi waliokuwa Mogadishu chini ya AMISOM walikuwa na deraya za Casspir, na Waganda walikuwa na vifaru pia. Al-Shabaab wakaikata mitaa kwa mahandaki. Chuma hakikutosha kusonga mbele: askari walitoboa kuta na kupita nyumba hadi nyumba, huku mitambo ya kusukuma udongo ikifukia mahandaki na kuinua matuta ya kujikinga. Ilichukua miezi mingi kupata mitaa michache. Agosti 6, 2011, Al-Shabaab waliondoka katika sehemu kubwa ya jiji.

Basi mtu atasema: tuongeze tingatinga, mambo yaishe. Hapo ndipo pagumu. Tingatinga halifukii mtaro tu. Mtaa ukiwa mwembamba kuliko gari, huupanua, na mtaa hupanuliwa kwa kubomoa nyumba. Aprili 2002, jeshi la Israel lilipopoteza askari 13 kwa siku moja katika kambi ya wakimbizi ya Jenin, liliyategemea zaidi matingatinga yake ya Caterpillar D9 yaliyovishwa deraya, yenye uzito wa tani zaidi ya 50. Askari wakapata njia. Mtaa wa Hawashin, katikati ya kambi, ukabaki uwanja wa kifusi.

Wakazi wa Machakos hawahitaji kusimuliwa mashine hiyo hufanya nini ikisindikizwa na bunduki. Oktoba 2023 matingatinga yaliingia Mavoko katika ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland, baada ya mahakama kuamua kuwa ni mali ya kampuni hiyo, na nyumba za ghorofa zikalala chini pamoja na vibanda. Sisemi kwamba Mavoko ilikuwa vita; kulikuwa na hukumu, na aliyebomolewa alijua amshtaki nani. Hata hivyo njia hiyo ni ndefu. Wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, walibomolewa Novemba 2011, na Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi wake Januari 11, 2021.

Mkazi wa Port-au-Prince hana hata njia hiyo ndefu. Jiji ambalo sehemu yake kubwa iko mikononi mwa magenge halina mahakama ya kumsikiliza aliyebomolewa nyumba ili deraya ya wageni ipite. Kwa hiyo kamanda anayeomba tingatinga aombe pamoja nalo mtu wa kuandika nyumba iliyoangushwa, ya nani, na fungu la kumlipa. Bila hayo, kijana aliyelala nje usiku huo ataajiriwa na genge kesho yake.

Septemba 30, 2025, Baraza la Usalama liliidhinisha kikosi kipya cha hadi watu 5,550 kuchukua mahali pa kile kilichoongozwa na Kenya. Azimio hilo pia lilitaka kuanzishwe ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kukihudumia kikosi kwa vifaa na usafiri. AMISOM, iliyoingia Mogadishu Machi 2007, ilipata ofisi ya namna hiyo mwaka 2009, takriban miaka miwili baadaye. Nchini Haiti agizo la kuianzisha lilitolewa Wakenya watatu wakiwa wamekwisha kufa.