Namibia: Likeni za jangwani katika njia ya maji na urani

Kufufuka kwa uchimbaji wa urani nchini Namibia kumerejesha swali la zamani: miundombinu ya migodi ipite wapi katika pwani ya jangwa la Namib bila kuangamiza likeni zinazoishi humo? Mgodi wa Langer Heinrich, uliosimamisha uzalishaji mwaka 2018, uliuanza tena mwaka 2024. Maji ya migodi ya eneo hilo hutoka katika kiwanda cha kuondoa chumvi ya bahari kilichopo Wlotzkasbaken, kaskazini mwa mji wa Swakopmund. Jirani na hapo pana mojawapo ya nyanda za likeni zinazojulikana zaidi nchini humo.

Likeni ni muungano wa kuvu na mwani, nao huonekana kama utando au kijichaka juu ya mawe. Hazina mizizi. Katika pwani ambako wastani wa mvua kwa mwaka haufiki milimita 20, huishi kwa ukungu unaotokea pale hewa ya bahari inapopozwa na mkondo baridi wa Benguela. Alfajiri hulowa, hujitengenezea chakula kwa saa chache baada ya jua kuchomoza, kisha hukauka na kutulia hadi ukungu urejee.

Ndiyo maana ramani ya likeni hufuata ramani ya ukungu. Hustawi karibu na bahari, juu ya changarawe na tabaka la jasi, na kwenye miteremko inayoelekea baharini. Kadiri bara linavyokaribia ndivyo zinavyopungua, na mchanga unaohamahama hauzipi mahali pa kushika.

Hapo ndipo penye ugumu. Maji yako pwani, migodi iko bara. Kila bomba, barabara na njia ya umeme havina budi kuuvuka ukanda huo. Hifadhi ya Taifa ya Dorob, iliyotangazwa mwaka 2010, inazuia magari kuacha njia rasmi, kwani likeni hukua polepole mno na alama ya gurudumu huweza kudumu kwa miongo kadhaa. Lakini mpaka wa hifadhi hauliondolei bomba ulazima wa kupita.

Kuzuia maji si jibu, kwa kuwa wakazi wa miji ya pwani nao huyanywa. Lenye mantiki ni kukusanya mabomba, umeme na barabara katika ushoroba mmoja uliokwisha kuvurugwa. Kampuni moja haina sababu ya kuingojea nyingine. Ni serikali pekee iwezayo kuzilazimisha zipite njia moja.