Usikimbilie kununua maiki mpya, punguza sauti kwanza

Wapambanaji wenzangu wa mtandaoni, leo nataka tuongee ukweli kuhusu matangazo yetu ya sauti. Wengi wetu tunahangaika na picha kali na mwanga mzuri, alafu sauti inakwaruza kama redio iliyokosa stesheni. Tunajisemea "si wanaelewa tu". Mimi nasema hawaelewi, na gharama yake unailipa wewe.

Niliilipa mwenyewe. Nina kaduka kangu hapa Mtwara mjini, nauza sendo na pochi, na oda nyingi napata kwenye stetasi. Msimu wa korosho ulipofika, hela ikaanza kuzunguka, nikatengeneza tangazo: biti inapiga kwenye laptopu, na mimi naongea juu yake, vyote vinarekodiwa kwa pamoja. Sendo jozi moja elfu tisa. Dada mmoja wa Newala akaagiza jozi kumi, akatuma elfu sitini. Nikampigia: "Dada yangu, imepungua elfu thelathini." Akanijibu kwa upole kabisa: "Kaka, tangazo lako mwenyewe linasema elfu sita."

Nikarudi kulisikiliza. Kumbe alikuwa na haki. Pale nilipopandisha sauti kusema "tisa", mlio umepasuka na biti imeingia juu yake. Tisa na sita kwa Kiswahili herufi ni zilezile, zimebadilishana nafasi tu. Ukikwaruza hapo, mteja anachagua anachotaka kusikia, na atachagua bei ya chini. Wewe usingechagua hiyo?

Nilimpa kwa elfu sita. Nilikuwa nimezinunua kwa elfu saba, kwa hiyo elfu kumi ilikwenda hapohapo, bado sijagusa hela ya kusafirisha mzigo kwa basi. Bei uliyoitangaza ni ahadi. Huwezi kumwambia mteja masikio yake ni mabovu.

Kosa langu la pili likafuata: nikaenda kununua maiki ya elfu themanini na tano. Nikarekodi tena, sauti ikakwaruza vilevile. Ndiyo maana naandika hapa. Naona kila siku watu wanashauriana "nunua maiki fulani", na wengi wetu tatizo haliko kwenye maiki.

Tatizo liko hivi. Kompyuta ina dari ya sauti, inaitwa sifuri desibeli. Sauti ikifika pale haipandi tena, kile kilichozidi kinakatwa, na huo mkato ndio unaosikika kama kukwaruza. Ukishamaliza kurekodi ukaja kupunguza sauti, unapata mkwaruzo uleule ila wa chini chini. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo dawa inawekwa kabla ya kurekodi.

Na hapa ndipo nilipokuwa napotea: biti peke yake ilikuwa safi, sauti yangu peke yake ilikuwa safi. Zikikutana zinajumlishwa, na jumla yake inagonga dari. Ndiyo maana ukijaribu kimoja kimoja huoni kosa lolote.

Nilichojifunza kwa kuhangaika ni hiki. Kabla hujatoa hata mia, fanya yafuatayo kwa mpangilio.

1. Vaa waya wa masikioni, sikiliza biti yenyewe inavyopiga kwenye kompyuta, kisha sikiliza ulichorekodi. Kama biti yenyewe inakwaruza, faili ni bovu au waya wako umekufa. Kama biti ni safi na ulichorekodi ni kibovu, endelea.

2. Angalia mistari inayocheza wakati unarekodi. Ikigusa nyekundu, umezidisha. Punguza sauti kwenye programu inayopiga biti, kisha kwenye sehemu ya kurekodia, mpaka kilele chake kicheze kati ya hasi 12 na hasi 6. Utaona kama iko chini sana. Usiogope, utaipandisha mwishoni.

3. Rekodi sauti yako peke yake, biti iwe kwenye mstari wake. Programu ya Audacity inafanya hivyo na ni ya bure. Kisha shusha biti mpaka kila tarakimu ya bei isikike bila kukaza masikio.

4. Kama mkwaruzo upo hata sehemu za kimya, unasikia ta-ta-ta au sauti inaruka, hapo dari haihusiki. Kompyuta imechoka. Funga kurasa za intaneti zilizofunguliwa, chomeka chaji, usirekodi moja kwa moja kwenye flashi. Angalia pia ile namba ya 44,100 au 48,000 kwenye mipangilio ya sauti: iwe moja kote, kwenye kompyuta na kwenye programu ya kurekodia.

5. Kama sauti imekuwa kama inatoka kwenye bomba au simu ya zamani, angalia kama unatumia vifaa vya masikioni vya Bluetooth. Maiki yake ikiwaka, mara nyingi kifaa kinahamia hali ya kupigia simu na ubora unashuka. Tumia vya waya. Zima pia vile vikorombwezo vya kompyuta vinavyodai kuboresha sauti. Vinapoona biti vinadhani ni kelele, vinaikatakata.

6. Kama kuna mvumo mmoja usioisha, chomoa chaji usikilize tena. Ukipotea, umeshajua mchawi ni nani, rekodi kwa betri.

7. Usitoe waya kwenye tundu la spika la kompyuta ukauchomeka kwenye tundu la maiki la kifaa kingine huku sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Tundu la maiki limezoea sauti ndogo sana, likipewa kubwa linapasuka. Kwa Windows, Audacity inaweza kunasa sauti ya ndani bila waya: kwenye mipangilio chagua WASAPI, kisha kwenye kifaa cha kurekodi chagua kile chenye neno loopback.

Mimi tatizo langu liliisha namba 2 na 3. Ile maiki ya elfu themanini na tano ipo, inafanya kazi vizuri tu, ila ya zamani nayo ingetosha.

Najua kuna watakaosema: "Mteja anaangalia picha, sauti ya nini?" Nawaelewa, maana baadhi ya bidhaa picha inatosha. Ila fikiria anayesikiliza tangazo lako. Yuko sokoni, kelele kushoto na kulia, au anabangua korosho na simu iko pembeni, anasikiliza bila kuangalia. Simu yake ina spika ndogo. Na ukituma sauti kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti, inabanwa tena ili iwe nyepesi. Kilichotoka kwako kimekwaruza kidogo, kwake kinafika kimechoka kabisa.

Wengine watasema kelele ndiyo inayovuta watu, sauti ikipasuka wanajua kuna ofa. Labda kwa spika ya barabarani, ambapo mtu akisogea anauliza bei. Mtandaoni hakuna wa kumuuliza papo kwa papo. Anasikia, anatuma hela, ugomvi unaanza baadaye.

Siku hizi kabla sijaposti nafanya jaribio moja. Nampa simu mtu ambaye hajui bei, asikilize mara moja tu, aniambie sendo ni shilingi ngapi. Akikosea, sirushi. Alafu bei naitaja mara mbili na kuiandika chini ya tangazo. Yule dada wa Newala bado ni mteja wangu, na kila akiagiza ananiuliza kwa utani: "Leo tisa au sita?"

Nenda kasikilize tangazo lako la mwisho kwa simu ndogo, ukiwa umesimama barabarani. Ukiisikia bei yako vizuri, hongera. Usipoisikia, niambie hapo chini linakwaruza vipi, tuangalie pamoja ni namba ngapi.