Tumjali anayetununulia kabla ya kumhukumu

Neno zabuni limeingia katika orodha ya maneno ambayo Mkenya hayasikii bila kukunja uso. Likitajwa redioni, msikilizaji hungoja tu kuambiwa ni mamilioni mangapi yametoweka na ni afisi gani iliyoyameza. Katika fikira za wengi, afisa wa ununuzi ni mtu wa kitambi, gari jipya na nyumba ya ghorofa isiyolingana kamwe na mshahara wake. Sikani kwamba watu wa namna hiyo wapo, na mahakama zetu zimewaona baadhi yao. Lakini nyuma ya kila mmoja wao wamo makarani, waweka bohari na maafisa wengi wanaofika kazini alfajiri, wakahesabu magunia na kujaza stakabadhi, kisha wakarudi nyumbani bila kupata usingizi. Hao ndio ninaotaka kuwazungumzia leo, kwa kuwa kazi yao imebadilika mno ilhali namna ya kuwatunza haijabadilika kwa kiasi hicho.

Huenda mwalimu akauliza yanamhusu nini. Yanamhusu sana. Chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka wa 2015, shule ya umma ni taasisi inayonunua kama vile wizara inavyonunua, na mwalimu mkuu ndiye afisa mwenye dhamana ya fedha. Shule nyingi hazina afisa wa ununuzi aliyesomea kazi hiyo. Basi mwalimu wa Sayansi ya Kilimo huitwa kutathmini zabuni za maharagwe, yule wa Kemia akapewa za dawa za maabara, naye naibu wa mwalimu mkuu akawa msimamizi wa yote. Ama wanafunzi, wako wengi vyuoni wanaosomea stashahada ya usimamizi wa ugavi wakitumaini kuwa kazi hiyo itawalisha. Yafaa wajue wanachokiendea.

Zamani mambo yalikuwa mengine. Enzi za ukoloni, vifaa vingi vya serikali viliagizwa kupitia mawakala wa Taji kule London. Baada ya Uhuru, zabuni kubwa zilipitia Bodi Kuu ya Zabuni jijini Nairobi, na kitabu cha mwongozo wa ugavi cha mwaka wa 1978 ndicho kilichotegemewa kwa miaka mingi. Mtu wa ugavi alikuwa mweka bohari, mwenye funguo kiunoni na daftari mkononi. Hakuwa na sauti katika mikutano ya wakubwa, lakini pia hakubebeshwa lawama zao. Kanuni rasmi zilikuja mwaka wa 2001, ikafuata sheria ya mwaka wa 2005 iliyoanza kutumika Januari 2007. Mwaka huo huo wa 2007 Bunge lilipitisha sheria iliyoifanya kazi hii kuwa taaluma kamili, yenye taasisi yake, mitihani yake na leseni. Mweka bohari akawa mtaalamu.

Heshima hiyo aliistahili. Ila heshima ina mzigo wake, na mzigo huu unahitaji kuelezwa kwa utaratibu.

Chini ya sheria ya 2005, kila taasisi ilikuwa na kamati ya zabuni, na kamati hiyo ndiyo iliyoamua nani apewe kandarasi. Lawama, kama ilikuwepo, iligawanywa mezani. Sheria ya 2015 ikaiondoa kamati hiyo. Siku hizi kamati ya kutathmini, yenye watu watatu hadi watano, hupendekeza. Kisha mkuu wa kitengo cha ununuzi huandika maoni yake ya kitaalamu kwa mujibu wa kifungu cha 84. Ndipo afisa mwenye dhamana akaamua. Nia ya watunga sheria ilikuwa njema, kwani kamati kubwa ni kichaka cha kujifichia. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba mtu mmoja, tena mara nyingi mtu wa cheo cha wastani, hutia sahihi maoni ambayo yaweza kumtia matatani na pande mbili kwa pamoja. Akiandika kwamba zabuni ina kasoro, mkubwa wake ananuna. Akiandika kwamba haina, na kasoro ikagunduliwa baadaye, adhabu ya mtu binafsi yaweza kufika faini ya shilingi milioni 4, kifungo cha miaka 10, au vyote viwili. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi.

Tena muda ni mfupi. Tathmini haipaswi kupita siku 30. Mzabuni asiyeridhika ana siku 14 za kulalamika, na bodi ya rufani ina siku 21 za kuamua. Muda huo unamfaa mlalamishi, nami sitaki urefushwe. Lakini fikiria afisa mwenye zabuni 10 kwa wakati mmoja, kila moja na kalenda yake. Halafu ongeza mwezi wa Juni. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa Juni 30, na kila idara iliyolala tangu Julai huamka Mei ikitaka kutumia kila senti kabla ya hazina kuifyeka. Wiki hizo taa za afisi za ununuzi huwaka hadi usiku wa manane. Shirika la Afya Duniani na lile la Kazi Duniani yalieleza mwaka wa 2021 kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma hukabiliwa na hatari ya kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Tukiambiwa kwamba afisa fulani ameanguka kazini mwezi wa Juni, tusiseme amerogwa.

Shuleni shinikizo ni la sura nyingine. Serikali ilipanga shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na kila mwalimu mkuu anajua jinsi fedha hizo zinavyochelewa na kuja nusu nusu. Wanafunzi hawawezi kungoja; lazima wale leo. Hivyo mahindi huchukuliwa kwa mkopo, kuni kwa mkopo, hata chaki. Mwenye kuni naye ana watoto, na karo yao inadaiwa pengine katika shule iyo hiyo. Anakuja kuketi nje ya afisi tangu asubuhi, bila kusema neno. Karani anayempita mara tano kwa siku akimwambia "subiri kidogo, mzee" si mwizi wala mkatili. Anaaibishwa kwa deni asilolifanya yeye.

Sasa tazama tulivyowatendea watu hawa tulipokasirika. Mwaka wa 2018, baada ya sakata mpya ya Shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru wakuu wote wa vitengo vya ununuzi na uhasibu serikalini wachunguzwe upya, hata kwa mtambo wa kutambua uongo. Wakatakiwa kuwakabidhi manaibu wao kazi na kuwasilisha habari za maisha na mali zao. Hasira ya Rais ilieleweka, na raia wengi walishangilia. Mimi naona dawa ile haikuufaa ugonjwa. Aliyeiba na asiyeiba walisimamishwa katika mstari mmoja, wakatazamwa na majirani na watoto wao kama washukiwa. Waziri au katibu aliyepiga simu kuagiza kandarasi ipewe fulani hakuwa katika mstari huo. Ukimchunguza mshika kalamu ukamwacha mwenye kuamuru, umewafundisha washika kalamu wote kwamba uaminifu hauna faida.

Nasikia tayari sauti ya msomaji akisema: kwa nini tuwahurumie wezi? Jibu langu ni kwamba mwizi hahitaji huruma yetu. Yeye ana mlinzi wake aliye juu, wakili wake na shamba lake. Anayekonda kwa wasiwasi ni yule aliyekataa, au anayefikiria kukataa, na ambaye hana wa kumweleza. Afya ya mtu wa namna hiyo ndiyo ngao ya hazina ya umma. Aliyechoka hasomi kurasa 200 za zabuni kwa makini. Hutia sahihi ili aende nyumbani, na wajanja wanajua saa ya kumletea karatasi.

Tuna mfano wetu wa kusikitisha, ingawa haukutokea katika afisi ya ununuzi. David Munyakei alikuwa karani wa Benki Kuu aliyeona malipo ya ajabu ya Goldenberg mwanzoni mwa miaka ya 1990 akayafichua. Mwaka wa 1993 alikamatwa kwa madai ya kutoa siri za serikali, akafutwa kazi. Baadaye alitoa ushahidi mbele ya tume, akasifiwa na kutuzwa, kisha akafariki mwaka wa 2006 akiwa fukara. Kila karani wa serikali wa rika lake alikijua kisa hicho. Sheria ya Kupambana na Ufisadi ya mwaka wa 2003 inayo sehemu ya kuwalinda watoa habari, na sheria ya kuwalinda mashahidi ilikuja mwaka wa 2006. Lakini kinga ya karatasini haimtoshi mtu aliyekwisha kuona mwenzake akizikwa katika umaskini.

Je, mabadiliko ya siku hizi yanamsaidia afisa huyu? Kwa kiasi fulani, ndiyo, na tuseme ukweli. Mwaka wa 2025 Hazina ya Kitaifa iliagiza ununuzi wote wa umma ufanywe kwa mfumo wa elektroniki kuanzia Julai 1. Magavana wakapinga, na ugomvi ukafika mahakamani. Siasa zake ziacheni kando kidogo, tuutazame mfumo kwa jicho la mfanyakazi. Sanduku la zabuni halipo tena, basi hakuna wa kulivunja usiku. Wazabuni hawajazani mlangoni na mikoba. Kila hatua hubaki na jina na saa, na yule anayetaka kupiga simu ya "nisaidie bwana" hana budi kujua kwamba mashine haisahau. Kwa afisa mwaminifu, hiyo ni nusu ya usingizi wake iliyorejeshwa.

Nusu ya pili inategemea watu. Katika sakata ya kwanza ya Huduma ya Vijana, mwaka wa 2015, swali lililotawala lilikuwa nani alitumia neno la siri la nani kuidhinisha malipo. Mkubwa akiweza kumwambia mdogo wake "niachie neno lako la siri, nakwenda kumaliza kazi jioni", kompyuta imekuwa mtego badala ya kinga. Aidha, mashine imeifuata kazi hadi nyumbani. Zamani mlango wa bohari ukifungwa, kazi imefungwa. Leo simu hulia saa nne usiku kwamba mtandao umerudi, na zabuni fulani ifunguliwe kabla ya asubuhi.

Kinachotakiwa basi si makuu. Amri yoyote inayohusu zabuni itolewe kwa maandishi, na afisa awe na haki ya kuikataa ile ya mdomo bila kuhamishiwa mbali juma lijalo. Uhamisho wenyewe ufuate ratiba inayojulikana mapema, kwa maana katika nchi yetu uhamisho umekuwa fimbo ya kimya. Likizo ya mwaka iwe ya lazima kwa kila anayeshika kazi ya ununuzi. Wakaguzi wa hesabu wanajua zamani kwamba karani asiyekwenda likizo huenda anaficha kitu. Wasichosema ni kwamba yule mwingine asiyekwenda ameelemewa tu na hana wa kumshikia. Taasisi ya taaluma hii isiishie kutoza ada ya leseni na kuadhibu. Iweke wakili na mshauri ambao mwanachama aliye mashakani, hata yule wa kaunti ya mbali, aweza kuwapigia simu kabla ya kutia sahihi. Na wanaofundisha ugavi vyuoni watenge saa kadhaa za kumzoeza mwanafunzi jinsi ya kusema hapana kwa mkubwa kwa adabu na kwa maandishi. Vitabu vimejaa hesabu za akiba ya bohari, na hilo halimo.

Kwa walimu nina neno moja mahususi. Sheria inataka wanakamati wa tathmini wateuliwe kwa zamu, lakini katika shule nyingi ni walewale watatu kila mwaka, ama kwa kuwa wanaaminiwa au kwa kuwa hawakatai. Zamu ifuatwe. Mwalimu aliyeteuliwa apunguziwe vipindi juma hilo, asiwe anasoma bei za sukari usiku baada ya kusahihisha insha 50. Na akiitwa kutia sahihi hati ya kupokea bidhaa, aende kwanza bohari, afungue magunia mawili matatu, ayaone mahindi kwa macho yake. Akiambiwa gari bado liko njiani, kalamu ibaki mfukoni mpaka lifike.