Simu Katika Upasuaji wa Ubongo
Mtambo wa kumwelekeza daktari penye uvimbe ndani ya ubongo hugharimu mamia ya maelfu ya dola. Watafiti wamejaribu njia nafuu: picha ya skani huonekana kwenye simu ikiwa imelazwa juu ya kichwa cha mgonjwa, kisha daktari huchora kwa wino mahali pa kutoboa. Naonelea yafaa ijaribiwe Tenwek, Bomet, ambako upasuaji huo hufanywa. Lakini fuvu likishafunguliwa ubongo husogea, picha ikabaki palepale. Simu basi ni ya kupangia tu. Tena bila skani simu ni kioo kitupu, na kijana aliyeanguka na bodaboda huko Litein, damu ikimvilia kichwani, hawezi kungoja hadi kesho. Fedha za kaunti zianzie hapo.

Wanaodharau mbinu nafuu wakumbuke Mbale, Uganda, ambako Dkt. Benjamin Warf, miaka ya 2000, aliendeleza tiba ya watoto wenye maji kichwani bila kuwawekea mrija. Marekani nako waliiiga.

Nanyi walimu wenzangu wa hisabati: kulinganisha picha na kichwa ni kuhamisha na kuzungusha maumbo, somo ambalo wanafunzi hutuuliza kila mwaka lina faida gani.